Kiti cha Marehemu Malachy

Kilnabrack,
kupitia Ballinore,
Kaunti ya Sligo,
Ayalandi.

21 Novemba 1971

Mpendwa mdogo wangu Colman,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Loretta na watoto, na kwamba mgongo umepoa tangu uache kubeba nyama kule machinjioni. Baridi ya Chicago imeshaanza kuuma? Mwambie Loretta soksi nilizofuma ziko njiani. Huku tu wazima wa mwili. Mvua imeshika tangu Septemba na malisho ya chini yamejaa maji, ila ng'ombe mwenye madoa amezaa ndama jike bila kumsumbua mtu.

Nimekusalimu kwanza kwa sababu mama alitufundisha kwamba hata mtu unayetaka kumkaba koo, unamjulia hali kwanza. Sasa nimeshakujulia hali.

Barua yako niliipata Jumanne, tarehe 9 mwezi huu. Unasema Bwana Conlisk na wenzake wa chama wamekuomba urudi ugombee kiti cha ubunge cha marehemu kaka yetu, nawe umekubali. Unaniomba nikutayarishie chumba cha mbele, nikutafutie koti jeusi la kuzikia lenye kukufaa mabega, kisha niendelee na kazi ya ukarani kama kawaida. Nililisoma hilo "kama kawaida" nimesimama jikoni, ikabidi nivute kiti nikae.

Kuna jambo moja hukuniuliza, Colman. Hukuniuliza kama kiti hicho nakitaka mimi. Nakitaka. Nimekitaka tangu siku tuliyomzika Malachy, na pengine miaka mingi kabla ya hapo, ila nilikuwa naona aibu kuliwaza jambo hilo wakati mwenyewe yu hai anakula mayai yake pale mezani.

Wewe unamjua Malachy wa kwenye picha, mwenye kofia, anayepeana mikono na maaskofu. Acha nikueleze Malachy niliyemfanyia kazi. Alianza udiwani mwaka 1934, kijana wa miaka ishirini na saba, kwa sababu ya mfereji. Mto ulikuwa ukila mashamba ya chini kila mwaka, naye akaenda kukaa mlangoni kwa mhandisi wa kaunti siku tatu mfululizo na mkate wake mfukoni, mpaka yule bwana akachoka kumruka. Mfereji ule ni kazi yake kweli, simnyang'anyi. Laiti angeendelea na mifereji.

Baada ya mfereji ikaja lami. Utakumbuka lami ya barabara yetu inavyokwisha ghafla, hatua ishirini kabla ya lango la Luke Feeney. Luke alikuwa wa chama kile kingine. Miaka thelathini na zaidi mke wake amekanyaga tope kwenda kanisani, na kila alipopita Malachy alimvulia kofia. Mimi niliona mambo hayo nikanyamaza, kwa hiyo usidhani najitoa humo.

Mwaka 1945 akaingia bungeni. Huko Dublin alikuwa kama bubu. Katika miaka ishirini na sita alisimama kusema mara nne, na mara mbili kati ya hizo alikuwa akimtetea waziri aliyesinzia. Kazi yake haikuwa huko. Kazi ilikuwa hapa jikoni, Jumamosi kutwa, watu wamepanga foleni mpaka zizini: huyu pensheni, yule simu, mwingine anataka binti yake aingizwe kwenye mafunzo ya uuguzi. Na ilikuwa kwenye mazishi. Tulizika watu mia mbili kwa mwaka, Colman, na nyumba zote hizo nilimwendesha mimi, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni ukingo wa barabara.

Ndani ya gari nilimsomea kama padre anavyomsomea mtoto katekisimu. Mjane anaitwa Nappy. Kijana mkubwa yuko Coventry. Binti ameachwa, usimuulize habari za mume. Mwaka jana tuliwapatia ruzuku ya banda. Akishuka hapo, anamshika Nappy mikono miwili, anamwuliza kijana habari za Coventry, na machozi yanamtoka. Watu wakirudi kwao wanasema, huyu mtu hasahau. Hasahau! Mimi nilikuwa ndani ya gari na blanketi magotini, nafungua kijitabu changu kwenye ukurasa wa msiba unaofuata.

Sasa sikia habari za pensheni, maana nyingine sijawahi kumwambia mtu ila padre. Mtu akishapewa pensheni, wizara humjulisha mbunge siku moja kabla ya kumjulisha mwenyewe. Basi mbunge mjanja huwahi. Mimi nilikuwa napiga chapa usiku uleule: "Nimefurahi kukujulisha kwamba, baada ya juhudi zangu nyingi..." Juhudi gani? Pensheni ilikuwa haki yao kwa sheria, ingekuja hata kama Malachy angekuwa amelala. Lakini barua yetu ilifika kwanza, na bibi wa watu akaipigia magoti.

Mwaka 1963 barua ya namna hiyo ilifika kwa Thady Gilmartin siku ya mazishi yake. Mzee alikwisha kufa Jumapili, sisi hatukujua. Ungetegemea familia itukane. Wapi! Mjane aliiweka barua ndani ya jeneza, chini ya rozari, ili mumewe akamwonyeshe Mungu jinsi alivyohangaikiwa. Ukoo mzima wa Gilmartin ukatupigia kura. Malachy alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye. Leo kicheko kile nakionea aibu.

Zilikuwapo juhudi za kweli. Bi Delia Moffitt alinyimwa pensheni ya ujane miaka miwili kwa sababu karani mmoja alidai ndoa yao haikuandikwa. Nilikwenda Dublin mara tatu kwa treni, nikakaa kwenye benchi na sandwichi yangu, nikachimbua daftari la parokia ya mtu mwingine, hadi wakaandika upya. Barua iliyokwenda kwa Bi Delia ilikuwa na sahihi ya Malachy. Nilimpelekea kaka atie, naye akatia bila kuisoma, huku anasikiliza matokeo ya mpira redioni.

Basi akafa, nawe unajua alivyokufa, lakini hujui walivyosema. Tulikuwa makaburini tunamzika Luke Feeney, yuleyule wa lango, tarehe 18 Septemba. Malachy alikuwa amempa mkono mjane, akageuka kunitafuta, akakunjika. Niliwahi kumshika kabla hajafika chini. Kabla hata maiti haijapoa, watu walishakuwa na utani wao, kwamba alikwenda kuhakikisha Luke amekufa kweli, akaona heri amfuate amwombe kura. Nilicheka na hilo pia, nikalia, kwa pamoja.

Misa ya kutimiza mwezi ilipokwisha, Bwana Bernard Conlisk, mwenyekiti wa jimbo, alikuja hapa na wawili wengine. Wewe ulimwacha akinadi ndama mnadani. Sasa ananadi watu. Nilikuwa nimechemsha paja la nguruwe, nimeoka mikate miwili ya magadi. Nikiwa ukumbini na sinia la chai nilimsikia akisema, kwa sauti yake ileile ya mnadani:

"Jina tunalo, jamani. Jina Tarpey halijashindwa tangu 1934. Sasa tunatafuta suruali ya kulivalisha."

Nikaingia. Akanyanyuka nusu, akanichekea. "Bi Attracta, wewe ndiye mama wa chama hiki," akasema. "Nyama hii umeichemsha kwa siki?"

Nikamwambia kwa siki, ndiyo, na karafuu. Nikammiminia chai. Mpaka leo mkono ule ulioshika birika nauona umenisaliti.

Suruali waliyoipata ni wewe, Colman. Mtu aliyeondoka 1949, akarudi siku tisa mwaka 1958 kumzika mama, na siku mbili kati ya hizo akalala kwa mafua. Hujui daraja jipya liko wapi. Hujui nani hasemi na nani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimechumia mvuani, kwa kuwa jua hatuna, na kivuli mmemtandikia mtu wa Chicago.

Haya yote ningeweza kuyameza. Nimemeza makubwa kuliko hayo. Lakini ndani ya bahasha yako ukaweka kile kikaratasi, ili kunithibitishia kwamba hukukurupuka: barua ya Malachy kwako, ya mwezi Mei, miezi minne kabla hajafa.

Niliujua mwandiko kabla ya kusoma neno. Kwa miaka ishirini na sita kila barua iliyotoka nyumba hii ilipitia mikononi mwangu, hata za kumwombea radhi kwa askofu. Hii peke yake aliiandika kwa mkono wake, na makosa yake yote ya shuleni, akaenda kuitia posta mwenyewe Ballinore ili nisiione. Anakuambia moyo hauko sawa. Anakuambia urudi ushike kiti, usiache kikaenda nje ya ukoo. Halafu anasema: "Attracta hatakuwa na neno. Yeye hajawahi kutaka kitu."

Nilisoma mistari hiyo miwili mpaka chai ikaganda utando. Mimi nilikuwa namlaumu Conlisk, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kusema nataka kitu, ni kweli. Hakuna aliyeniuliza. Nilimpenda kaka yule, Colman, nilimfunga tai shingoni kila asubuhi tangu vidole vyake vilipoanza kukakamaa, na siku ile kama angekuwa hai ningempiga kwa kijiko cha uji.

Mkutano wa uteuzi ulikuwa Jumapili iliyopita, ukumbi wa parokia, saa tisa alasiri. Matawi ishirini na mawili, kila tawi wajumbe watatu. Katibu wa jimbo ndiye huita majina, mjumbe hujibu "Yupo" na kuinua kadi yake. Katibu ni mimi tangu 1945.

Lazima ujue siri ya nyumba yetu. Matawi tisa kati ya hayo hayapo, yako kwenye daftari tu. Yalikuwapo zamani, wenyewe wakazeeka wakafa, na Malachy hakukubali jina hata moja likatwe. Alisema marehemu ni mwanachama bora kwa sababu hakuombi lami. Kila uteuzi ulipofika, kadi zao zilishikwa na watu wetu, mimi naita, wao wanaitikia, na Malachy anapita. Nimeita wafu kwa sauti safi kwa miaka ishirini na sita. Safari hii kadi hizo zilikuwa mfukoni mwa Conlisk, amezigawa kwa watu wake, na kura zote zilikuwa zako.

Nikasimama, nikafungua daftari. Matawi mawili ya kwanza yalikuwa ya watu walio hai, yakapita. La tatu ni Cloonbeg. Nikaita, "Bartley Kilcoyne."

"Yupo," akajibu dereva wa Conlisk kutoka nyuma.

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikavaa tena. "Bartley Kilcoyne tulimzika Februari 1959," nikasema. "Theluji ilitufika magotini. Bwana Conlisk alibeba jeneza, upande wa kushoto."

Sauti ya mwanamke mmoja ikasikika, tena bila haraka: "Lakini kaburi limemfaa Bartley. Hata nywele zimemwota." Ukumbi ukaangua kicheko. Conlisk akanigeukia na uso mwekundu, akaniambia nisome majina tu, nisiwaletee historia.

"Ninasoma majina, Bwana Conlisk," nikamjibu. "Haya ndiyo majina."

Nikaendelea. Sikuhitaji karatasi nyingine, maana kila mmoja wao nilimwendea msibani kwa gari. Nilitaja jina, tawi, mwezi na mwaka, na aliyemlilia sana. Mwanzo walicheka. Kufika wa saba hivi kicheko kikakatika, kwa kuwa hao walikuwa baba za watu, na watoto wao walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya mbao wakisikia mtu mwingine akimjibia baba yao "Yupo". Bwana mmoja wa kina Kilcoyne akamfuata dereva, akamnyang'anya kadi, akaikunja akaitia mfukoni. Baada ya hapo hakuna aliyemwitikia marehemu tena. Niliita na kujijibu mwenyewe.

La mwisho lilikuwa tawi letu la Kilnabrack. Mjumbe wa kwanza, Attracta Tarpey. Nikasema yupo. Jina la mjumbe wa pili nilikuwa nimelisahau, Colman, naapa. Hasira ilikuwa imenibeba mpaka nikakuta jina lake limekaa chini ya langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikaliwekea kidole.

"Malachy Tarpey," nikasema. "Tarehe 18 Septemba. Nilikuwa nimemshika."

Wafu ishirini na wanane, wazima thelathini na wanane. Conlisk akapendekeza jina lako, akasema maneno mazuri kuhusu damu. Kisha akasimama Bi Delia Moffitt, anatembelea fimbo mbili sasa, na sidhani kama amewahi kusema hadharani tangu azaliwe.

"Mimi sijui mambo ya damu," akasema. "Mimi nilipokuwa nashindia viazi vitupu, kuna mtu alikwenda Dublin mara tatu. Malachy, Mungu amrehemu, hakujua hata mume wangu alikuwa anaitwa nani. Nampendekeza huyo aliyesimama hapo na daftari."

Kumbe alijua miaka yote. Nilidhani sahihi ya Malachy ilimtosha. Kura ishirini na tatu kwangu, kumi na nne kwako. Mmoja hakupiga, na huyo ni mimi, kwa sababu niliona haya kujipigia mbele ya watu. Siku ya uchaguzi sitaona haya hiyo.

Conlisk alitoka bila kuchukua kofia yake. Alisema makao makuu ya chama hayatautambua mkutano ule, kwamba nimekitia chama aibu, na kwamba atakupigia simu Chicago usiku huohuo. Bila shaka ameshakupigia. Bila shaka amekuambia nimerukwa na akili kwa ajili ya msiba. Sijarukwa. Ijumaa nimepeleka fomu zangu kwa msimamizi wa uchaguzi. Chama kikinikubali, vyema, kisiponikubali nitasimama peke yangu. Kwa hiyo ukija kugombea, ujue unakuja kushindana na mimi, na mimi nawajua wote kwa majina, wa juu ya ardhi na wa chini yake.

Nimeshamwambia mjane wa Luke Feeney kwamba nikishinda, lami itapita langoni kwake. Alisema lami sasa ya nini, mume amekufa na yeye mwenyewe amezoea viatu vya mpira. Kisha akafunga mlango.

Lipo la mwisho, nalo nalisema kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli na sioni pa kuachia. Jina lako bado limo kwenye orodha ya wapiga kura wa Kilnabrack. Umepiga kura hapa katika kila uchaguzi tangu uondoke. Jirani yetu Packie Durkin alikupigia, amevaa koti lako la kijivu, na niliyemvalisha koti na kumkaririsha tarehe yako ya kuzaliwa ni mimi. Mama alifurahi, alisema ni kama bado uko nyumbani. Mwaka huu nimemwambia Packie abaki kwake, na msimamizi nimemwambia kwamba Colman Tarpey haishi hapa. Miaka ishirini na miwili imepita, mdogo wangu, na sasa ndiyo umeondoka.

Shangazi Winnie anakusalimu, anauliza kama huko kuna samaki wa kukaushwa kwa moshi. Packie anakusalimu pia, ingawa amenuna. Nisalimie sana Loretta, na watoto, mmojammoja, mkubwa umbusu kichwani hata akikataa. Mungu awafunike kwa mkono wake, na Mama Maria awasimamie mlangoni mnapotoka na mnaporudi. Chumba cha mbele kimepigwa deki na kitanda kina shuka safi. Ukija kama ndugu, ni chako.

Ni mimi dada yako akupendaye, na ambaye hasira zake hazijaisha,

Attracta Tarpey,
mgombea